Maswali ya Wasomaji: Kuivuka Pasifiki kwa Meli ya Utalii

Mwezi huu safu yetu inajibu barua zinazohusu jambo moja tu, nalo ni safari ndefu za meli za utalii zinazoikata Bahari ya Pasifiki kutoka upande mmoja hadi mwingine, zikipita bandarini njiani. Majina ya wasomaji hatukuyachapisha, na barua ndefu tumezifupisha.

Swali: Mimi na mume wangu tumestaafu. Wakala wa safari ametuonyesha safari ya usiku 28 kutoka Los Angeles hadi Sydney, itakayopitia Hawaii, Tahiti, Samoa, Fiji na New Zealand. Kijitabu alichotupa kimejaa picha za visiwa, na nauli ni nafuu kuliko tulivyotarajia, hata tukaingiwa na wasiwasi kwamba kuna jambo tusiloambiwa. Je, twende?

Jibu: Mama, jambo msiloambiwa ni bahari yenyewe. Kijitabu huonyesha visiwa kwa sababu visiwa vinapendeza pichani, lakini Pasifiki ina eneo la kilomita za mraba milioni 165 hivi, kubwa kuliko nchi kavu yote ya dunia ikiwekwa pamoja, na meli haina njia ya mkato. Chukueni ratiba na kalamu, mzihesabu siku zote zilizoandikwa "baharini". Kutoka Los Angeles hadi Honolulu ni takriban kilomita 4,100. Meli inayokwenda kilomita 35 kwa saa, usiku na mchana bila kusimama, inahitaji karibu siku tano. Kutoka Honolulu hadi Papeete, mji mkuu wa Tahiti, ni kilomita 4,400 hivi, yaani siku tano nyingine na zaidi kidogo, na katika sehemu hiyo ndipo mtakapoivuka ikweta. Papeete hadi Samoa ni karibu siku tatu, Fiji hadi Auckland vivyo hivyo, na Auckland hadi Sydney vivyo hivyo tena. Mkimaliza kujumlisha mtaona kwamba zaidi ya nusu ya siku mnazozilipia mtakuwa hamuoni ardhi.

Nauli imeshuka kwa sababu ambayo haina hila. Meli nyingi hufanya kazi Alaska kuanzia Mei hadi Septemba, kisha huhamia Australia na New Zealand kwa ajili ya kiangazi cha huko, na mwaka unapogeuka hurudi kaskazini. Uhamisho huo ni lazima ufanyike, abiria wawepo au wasiwepo, kwa hiyo kampuni huona afadhali kuuza vyumba kwa bei ya chini kuliko kuvuka na vyumba vitupu. Ndiyo maana safari hizi huonekana zaidi Septemba na Oktoba kuelekea kusini, na Aprili na Mei kuelekea kaskazini. Nyakati hizo zina faida nyingine, kwani msimu wa vimbunga katika Pasifiki ya Kusini huanza Novemba na kwisha Aprili, na meli nyingi huwa zinapita ukingoni mwake.

Swali la kujiuliza, basi, si kama mnavipenda visiwa, kwa kuwa hakuna asiyevipenda. Jiulizeni kama mnaweza kukaa siku tano mfululizo mkiwa na kitabu, matembezi ya sitahani, mazungumzo na maji ya buluu pande zote, bila kuanza kuhesabu saa. Mtu anayechoka siku ya pili atateseka sana, wala chakula na muziki havitamtosha. Lakini anayeipenda hali hiyo atapata kitu ambacho ndege haiwezi kumpa, nacho ni kuuhisi umbali. Hapo Honolulu, kwa mfano, Nyota ya Kaskazini huwa nyuzi 21 hivi juu ya upeo wa macho. Meli ikielekea kusini nyota hiyo hushuka kiasi cha nyuzi saba au nane kila siku, na kufikia usiku wa tatu au wa nne imekwishatoweka. Kwa nyota kama hizo, pamoja na mwelekeo wa mawimbi na ndege wa baharini, wenyeji wa Pasifiki walivifikia visiwa hivi karne nyingi kabla ya dira kufika huko. Mwaka 1976 chombo cha tanga chenye mitumbwi miwili iliyounganishwa, kiitwacho Hōkūleʻa, kilitoka Hawaii hadi Tahiti bila chombo chochote cha kupimia, kikiongozwa na Mau Piailug, baharia wa kisiwa cha Satawal, na kilitumia takriban mwezi mmoja. Mtakaposafiri njia iyo hiyo kwa siku tano mkiwa na maji ya moto chumbani, nawaombeni mtoke sitahani walau usiku mmoja mkawafikirie watu hao.

Ushauri wangu ni kwamba mwende, ila mchague safari inayoelekea magharibi kama hiyo mliyoonyeshwa. Ukielekea magharibi saa za meli hurudishwa nyuma, na baadhi ya siku huwa na saa 25. Ukielekea mashariki unanyang'anywa usingizi saa moja moja, na kwa wenye umri wetu jambo hilo si dogo.

Swali: Nikipanda kivuko kwa nusu saa tu roho hunichafuka. Je, nitaweza safari ya wiki nne? Na chumba kipi ni bora?

Jibu: Meli kubwa haichezi kama kivuko. Nyingi zina mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba kwa upande, ingawa mapezi hayo hayazuii sana omo kupanda na kushuka meli inapokabiliana na mawimbi ya mbele. Kwa sababu hiyo mahali pa chumba ni muhimu kuliko ukubwa wake: chukua chumba cha katikati ya urefu wa meli, katika sitaha ya chini, kwa kuwa hapo ndipo penye mtikisiko mdogo zaidi. Vyumba vya juu kabisa karibu na omo huuzwa ghali kwa sababu ya mandhari, na kwa mtu wa hali yako ndivyo vibaya kuliko vyote. Ukiwa na uwezo wa kulipia dirisha au roshani, fanya hivyo, kwani kuutazama upeo wa macho huituliza akili inayopokea habari moja kutoka machoni na nyingine kutoka masikioni, mlimo kiungo cha mizani ya mwili.

Dawa za kuzuia kichefuchefu hufaa zikimezwa kabla ya hali kuanza. Ukingoja mpaka utapike, tumbo halitaipokea dawa. Vipo pia vibandiko vya skopolamini, vinavyobandikwa nyuma ya sikio saa kadhaa kabla ya kuondoka na kufanya kazi kwa siku tatu hivi, lakini vinaweza kukausha mdomo, kutia ukungu machoni na kuwachanganya akili wazee, tena havimfai mwenye aina fulani za glakoma, ugonjwa wa macho. Usivitumie kabla ya kumwona daktari wako. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu na haina madhara makubwa. Jambo la kukutia moyo ni kwamba watu wengi huzoea baada ya siku mbili au tatu, na sehemu ya kati ya Pasifiki, karibu na ikweta, mara nyingi huwa shwari kuliko maji ya karibu na California au ya kati ya New Zealand na Australia.

Swali: Ratiba yetu inaanzia San Diego, inakwenda Hawaii na kurudi San Diego. Siku moja kabla ya mwisho meli itasimama Ensenada, Mexico, kwa saa chache tu, tena usiku. Kuna maana gani?

Jibu: Maana yake ni sheria. Tangu mwaka 1886 Marekani hairuhusu meli iliyosajiliwa nchi nyingine kubeba abiria kati ya bandari zake bila kugusa bandari ya nje, na meli nyingi kubwa za utalii zimesajiliwa nchi nyingine. Saa chache za Ensenada zinatimiza sharti hilo. Msipange chochote cha maana hapo; laleni.

Swali: Tulichagua safari yetu kwa ajili ya Bora Bora. Asubuhi tuliyotarajia kushuka, nahodha alitangaza kwamba upepo hauruhusu, nasi tukakiona kisiwa kwa mbali na kuendelea na safari. Kampuni imeturudishia fedha kidogo sana. Je, tunaweza kudai zaidi?

Jibu: Ninawahurumia kwa moyo wote, kwa sababu mtu hungoja siku kama hiyo kwa miaka. Hata hivyo, mkataba wa usafirishaji, ule ambao abiria huukubali bila kuusoma, humpa nahodha haki ya kubadilisha au kuacha bandari yoyote, na kwa kawaida kinachorudishwa ni ushuru wa bandari pekee. Kuna njia moja iliyobaki. Baadhi ya bima za safari za baharini hulipa kiasi maalumu kwa kila bandari iliyoachwa. Ombeni kampuni iwaandikie barua inayothibitisha tarehe na sababu, kisha muipeleke kwa kampuni ya bima yenu.

Wasomaji ambao bado hawajalipa nawaomba waelewe kwa nini mambo haya hutokea. Bora Bora imezungukwa na mwamba wa matumbawe wenye mlango mmoja tu wa kupitisha meli, uitwao Teavanui. Meli ikishaingia hutia nanga ndani, na abiria hupelekwa ufukoni Vaitape kwa mashua. Upepo mkali wa ubavuni katika mlango mwembamba ni hatari ya kweli, na nahodha anayekataa kuingia anaifanya kazi yake. Hali ni ngumu zaidi Rapa Nui, kisiwa cha sanamu kubwa za mawe, ambacho hakina bandari iliyokingwa na mawimbi ya bahari kuu, kwa hiyo mashua hulazimika kushusha watu Hanga Roa katika maji yanayochafuka kwa urahisi. Pitcairn, chenye wakazi wapatao 50, mara nyingi abiria hawashuki kabisa, bali wenyeji ndio wanaokuja melini kwa mashua zao ndefu kuuza vinyago, na kwa maoni yangu kukutana nao namna hiyo kunatosha kuifanya siku iwe ya thamani.

Kabla ya kulipa, tazameni katika ratiba ni bandari zipi zenye gati na zipi zinazotegemea mashua. Papeete, Pago Pago ya Samoa ya Marekani, Suva ya Fiji na Auckland zina gati. Ghuba ya Visiwa kule New Zealand, karibu na Waitangi ambako mkataba wa mwaka 1840 kati ya Wamaori na ufalme wa Uingereza ulitiwa saini, hutegemea mashua. Na ikiwa moyo wako umeshikamana na kisiwa kimoja, usikinunue kwa safari ya kuvuka bahari nzima. Ruka kwa ndege hadi Papeete, kisha upande ndege ndogo au meli ndogo izungukayo visiwa vya karibu, ambayo ina nafasi ya kungoja upepo utulie.

Swali: Siku yangu ya kuzaliwa imo ndani ya safari, lakini nikiisoma ratiba naona kwamba tarehe hiyo haipo kabisa. Je, ni kosa la uchapaji?

Jibu: Si kosa. Meli inayoelekea magharibi ikiuvuka Mstari wa Kimataifa wa Tarehe huruka tarehe moja nzima, na inayoelekea mashariki huirudia tarehe moja mara mbili. Ni usiku gani wa kufanya badiliko hilo huamuliwa melini na kuandikwa katika ratiba mapema, kwa hiyo waandikie sasa. Wahudumu wamezoea jambo hili na watakufanyia sherehe jana yake au kesho yake.

Mstari wenyewe haukunyooka, kwa kuwa nchi huuchagulia njia. Kiribati iliusogeza mashariki mwaka 1995 ili visiwa vyake vyote viwe na tarehe moja. Samoa ililala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 ikaamka Jumamosi tarehe 31, ili siku zake za kazi zilingane na za Australia na New Zealand, ambazo inafanya nazo biashara nyingi, lakini Samoa ya Marekani haikuhama. Kwa hiyo Apia ya Samoa na Pago Pago ya Samoa ya Marekani, zilizotenganishwa na safari ya usiku mmoja tu, zinaonyesha saa ileile katika tarehe mbili tofauti.

Angalia jambo hili unapolipia hoteli na ndege ya kurudi. Safari ya usiku 28 inayoanza tarehe 20 Septemba kuelekea magharibi itafika tarehe 19 Oktoba, si tarehe 18. Na anayemeza dawa kila siku asiruke kidonge kwa sababu kalenda imeruka.

Swali: Wakala anasema kwamba hatuhitaji viza za nchi tutakazopita, kwa sababu tutalala melini. Je, ni kweli?

Jibu: Msimwamini bila kuhakikisha. Kulala melini hakumwondolei mtu wajibu wa kibali cha kuingia nchini, na kila nchi ina sheria yake kulingana na pasipoti unayoshika. Ukianzia bandari ya Marekani ni lazima uwe na viza ya Marekani au kibali kinachokubalika badala yake. Ikiwa safari itarudi katika ardhi ya Marekani baada ya kugusa nchi nyingine, viza hiyo iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Samoa ya Marekani ina utaratibu wake wa uhamiaji, tofauti na wa Marekani bara. Wengi hukosea kuhusu Tahiti na Bora Bora, wakidhani kwamba viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, inatosha kwa kuwa visiwa hivyo viko chini ya Ufaransa; haitoshi, kwa sababu maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo hayamo katika Schengen. New Zealand ina kibali cha mtandaoni kwa abiria wa meli za utalii, lakini anayefika au kuondoka kwa ndege huenda akahitaji kitu kingine. Australia hudai viza hata kwa anayefika kwa meli.

Orodhesheni nchi zote za ratiba, hata zile za saa sita, na mthibitishe kila moja kwenye tovuti rasmi ya uhamiaji ya nchi husika, tena mapema, kwani viza nyingine huchukua miezi. Asiye na hati kamili hukataliwa kupanda pale bandarini kwenye siku ya kuondoka, wala harudishiwi nauli. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita baada ya safari kwisha. Nchi kadhaa za Pasifiki hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka eneo lenye ugonjwa huo, na kampuni ya meli yaweza kukidai kabla ya kukupandisha. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote.

Neno moja kuhusu matunda. New Zealand na Australia hulinda mimea na mifugo yao kwa ukali, na tunda lililosahauliwa mkobani likishuka nawe New Zealand bila kutangazwa laweza kukugharimu faini ya dola 400 za huko papo hapo. Safisheni pia udongo kwenye viatu.

Swali: Baba yangu ana miaka 78, ana kisukari na shinikizo la damu, lakini anatembea vizuri na anatamani sana safari hii. Je, tumruhusu?

Jibu: Meli ina daktari, wauguzi na vifaa vya dharura, na wahudumu hao hujitahidi sana, lakini zahanati yake si hospitali. Katikati ya safari ya Hawaii hadi Tahiti hakuna helikopta inayoweza kuwafikia. Meli italazimika kuendelea au kugeuka, na hospitali kubwa yaweza kuwa umbali wa siku mbili au tatu. Honolulu, Papeete, Auckland na Sydney zina hospitali za kutegemewa, ilhali visiwa vidogo vina uwezo mdogo. Nendeni kwa daktari wake mkiwa na ratiba mkononi, mmuulize swali hilohilo: je, mzee akiugua ghafla, ataweza kusubiri siku tatu? Daktari akisita, msimnyime baba safari, bali mtafutieni ile inayozunguka pwani za New Zealand, ambako karibu kila siku kuna bandari.

Daktari akikubali, mkatieni bima inayogharimia matibabu na kusafirishwa kwa dharura, na mtaje magonjwa yake yote, kwa sababu ugonjwa uliofichwa huibatilisha bima siku inapohitajika. Matibabu ya melini hulipiwa, tena ni ghali. Dawa zake ziwe nyingi kuliko idadi ya siku, zikae katika mkoba wa mkononi na katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Iarifuni kampuni mapema kuhusu insulini, ili chumba kiwe na jokofu na chombo salama cha kutupia sindano. Na anawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kila mlo, kwani virusi vya norovirusi, vinavyoharisha na kutapisha na kuenea haraka melini, havimalizwi vizuri na vitakasa mikono vya alkoholi.

Swali: Ziara zinazouzwa melini ni ghali. Je, ni salama kuzunguka bandarini peke yetu?

Jibu: Katika bandari nyingi ni salama, na huenda mkayaona mengi zaidi. Honolulu, Papeete, Suva na Auckland gati liko karibu na katikati ya mji, na soko la Suva mnalifikia kwa miguu. Angalieni siku ya juma, kwa sababu Jumapili katika Samoa na Tonga ni siku ya kanisa, na maduka na magari ya abiria karibu yote husimama.

Tofauti kubwa iko katika kuchelewa. Ziara iliyouzwa na meli ikichelewa, meli huingoja. Mkichelewa kwa gari lenu wenyewe, itaondoka. Bandari inayofuata yaweza kuwa nchi nyingine, na ndege kati ya visiwa ni chache. Kwa mahali pa mbali nunueni ziara ya meli, na kwa mahali pa karibu jitegemeeni, mkirudi angalau saa moja na nusu kabla ya muda uliotangazwa. Saa zenu zifuate saa ya meli, kwa kuwa mara nyingine hailingani na ya kisiwani. Mkobani mwekeni nakala za pasipoti, dawa za siku mbili, na karatasi ya ratiba ya siku inayoletwa chumbani kila jioni, kwa kuwa juu yake pameandikwa namba ya simu ya wakala wa meli katika bandari hiyo, na huyo ndiye mtu wa kwanza wa kumpigia mambo yakiharibika.